Kiungo mwenzangu, usisaini karatasi ya kuachana na klabu kabla mishahara yako haijaingia

Weka kalamu chini kwanza. Mengine tutayaongea baadaye.

Umeandika hapa jukwaani kwamba una miaka 26, unacheza ugenini, hii ni klabu yako ya tano, na unaidai mishahara ya miezi mitatu. Kuna timu inakutaka, dirisha la usajili linafungwa baada ya siku tisa, na wakala wako amekuletea karatasi ya "kuachana kwa makubaliano" akakwambia saini upesi, madai tutayafuatilia ukishahama. Halafu ukauliza na mengine matatu: kushuka daraja, kocha anayekutoa namba nane, kiungo wa kati, kukupeleka namba sita, kiungo wa ulinzi, na namna ya kuzoea timu mpya haraka. Waliokujibu hapo juu wote wamerukia hiyo sita na nane. Watu wanabishana ucheze wapi uwanjani wakati unakaribia kupoteza robo mwaka ya jasho lako kwa saini moja!

Nimecheza kiungo miaka 14, klabu tisa. Karatasi hiyo naijua, niliisaini Januari 2019 nikiwa na miaka 27. Nilipoteza mishahara minne, nusu ya ada yangu ya usajili, na miezi kumi bila mechi. Ndiyo maana nimeshindwa kupita kimya.

Ilikuwa hivi. Msimu ule niliuanzia klabu nyingine. Agosti niliingia mechi mbili za ligi, moja nikacheza dakika 12 tu za mwisho, kulinda bao. Mwisho wa mwezi huo nikauzwa kwenda nchi nyingine, mkataba wa miaka miwili. Septemba wakalipa. Oktoba hakuna. Novemba rais wa klabu akatukusanya chumba cha kubadilishia nguo akatuapia kwamba hela za haki za televisheni ziko njiani. Desemba hata kuapa akaacha. Nilikuwa nacheza kila wiki, dakika 90, nikirudi nyumbani miguu imewaka moto, na akaunti ni ileile.

Wakala wangu akapiga simu katikati ya Januari: kuna timu, mshahara mzuri, kocha anakufahamu, wanataka barua ya kuachiwa tu. Siku mbili baadaye tukakaa ofisini kwa katibu wa klabu. Karatasi ilikuwa na safu mbili, kushoto lugha yao, kulia lugha ninayoisoma. Ukurasa wa kwanza niliusoma wote, ulikuwa wa heshima kabisa, unanishukuru na kunitakia kila la heri. Ukurasa wa pili katibu aliushikilia kwa kiganja chake, kana kwamba anazuia usipeperuke, akanionyesha kwa kidole mahali pa saini. Upepo haukuwepo, dirisha lilikuwa limefungwa. Chini ya kile kiganja ndiko kulikokuwa na kifungu cha nne: pande zote mbili zinathibitisha kuwa hazidaiani chochote, sasa wala baadaye.

Nikasaini. Wakala alikuwa amekaa kulia kwangu, ananipigapiga begani.

Siku nne baada ya hapo, ile timu mpya ikaingiza taarifa zangu kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA. Karani wao akafungua pasipoti yangu ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu nilizosajiliwa, akahesabu, akampigia mkurugenzi wake. Kanuni ya FIFA inasema mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi atacheza kwa klabu mbili tu. Mimi nilikuwa nimeshacheza kwa mbili. Zile dakika 12 za Agosti zilihesabika sawa na dakika 90. Kwa hiyo wangenisajili, wakanilipa, halafu nikakaa jukwaani mpaka msimu uishe. Wakajitoa. Hatukuwa tumesaini mkataba wowote nao, nilikuwa na barua ya nia tu, ambayo ukienda nayo mbele ya sheria haikubebi.

Yaani wakala, mtu ambaye kazi yake yote ni kujua mambo haya, hakuhesabu mpaka mbili.

Na hilo ningelisamehe, maana binadamu husahau. Lisilosameheka nililijua miezi mingi baadaye, kwa mtu wa uhasibu wa klabu ileile aliyekuwa ameacha kazi. Klabu ilikuwa inadaiwa na wakala wangu pia, ujira wake wa kunipeleka pale Agosti. Alilipwa siku ileile niliyosaini. Lile deni lake lilitoka kwa saini yangu. Nikikumbuka ule mkono begani mpaka leo damu inanichemka, na sitaki mtu aniambie nimeshapaswa kusahau. Wakati ule FIFA ilikuwa imefuta leseni za mawakala tangu 2015, kwa hiyo mtu mwenye simu mbili na suti moja aliweza kukusimamia. Leseni na mtihani vimerudi 2023. Muulize huyo wako leseni yake. Muulize pia, uso kwa uso, klabu yako inamdai nini au yeye anaidai nini. Mtazame macho akijibu.

Machi niliwaandikia klabu kudai mishahara yangu. Jibu lilikuja kwa barua pepe, mstari mmoja na picha ya ile karatasi, saini yangu ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Nikaenda chama cha wachezaji. Mwanasheria wao, mama mmoja mpole, akaisoma mara moja akaniuliza: "Mwanangu, ulilazimishwa? Ulitishwa? Lugha hii huijui?" Yote hapana. Akaniambia ana mafaili mengi ya namna hiyo, na kwamba kama ningekuja kwake kabla ya saini, kesi yangu ilikuwa nyepesi kuliko zote alizonazo mezani.

Sasa sikiliza hiyo kesi nyepesi ilikuwaje, maana ndiyo yako leo.

Tangu Juni 2018, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis. Klabu isipokulipa mishahara isiyopungua miwili kwa tarehe zake, unayo haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya msingi. Sharti ni moja: uwaandikie kwanza, uwatake walipe, uwape siku zisizopungua 15. Kwa maandishi. Siyo kwa mdomo mazoezini, siyo kumwambia nahodha amwambie kocha. Siku 15 zikipita hawajalipa chote, unaandika barua ya pili ya kuvunja mkataba, unaondoka, na deni lako linabaki hai. Juu ya deni unadai fidia ya muda wa mkataba uliobaki, na ukipata timu mpya, mshahara wa huko ndio unaopunguzwa humo. Unafungua shauri kwenye chumba cha usuluhishi wa migogoro cha FIFA ndani ya miaka miwili. Ada ya kuendesha shauri mchezaji halipi. Wewe ni mgeni nchi hiyo kama nilivyokuwa mimi, kwa hiyo mlango huo uko wazi kwako, ila muulize mwanasheria kama nchi hiyo ina chombo chake kinachotambulika, au makubaliano ya pamoja kati ya klabu na wachezaji yenye utaratibu tofauti.

Karatasi uliyoletewa inaua yote hayo kwa sentensi moja. Ndiyo kazi yake. Wanaiita kuachana kwa amani kwa sababu baada ya hapo wao ndio wanaolala kwa amani.

Utaniambia siku 15 zinapita siku tisa za dirisha. Ndiyo, zinapita. Kwa hiyo leo, siyo kesho, tuma barua ya madai kwa anwani rasmi ya klabu, na utunze ushahidi kwamba imefika. Saa ianze kuhesabu. Kisha waambie: niko tayari kuachana, lipeni. Klabu inayotaka kukuondoa kwenye orodha ya mishahara ina haraka kuliko wewe, amini usiamini. Wakisema hawana zote, karatasi iandikwe upya: kiasi kamili wanachodaiwa, mwezi kwa mwezi, tarehe ya kila malipo, na ieleze wazi kwamba hamdaiani tu pale malipo ya mwisho yatakapokuwa yameingia kwenye akaunti yako. Wakikataa kuandika hivyo, wamekujibu wenyewe kuhusu hayo madai mtakayofuatilia baadaye.

Na usikurupuke ukaondoka bila barua ukidhani hasira ni sababu ya msingi. Matuzalem, kiungo kama sisi, aliondoka Shakhtar Donetsk mwaka 2007 kwenda Zaragoza bila sababu ya msingi, na mwaka 2009 mahakama ya michezo ya Lausanne, CAS, ikaamuru Shakhtar walipwe karibu euro milioni 11.9. Lassana Diarra, kiungo mwingine, aligombana na Lokomotiv Moscow mwaka 2014, akaambiwa alipe euro milioni 10.5, na Charleroi waliokuwa wanamtaka wakaogopa kubebeshwa deni lile. Msimu mzima hakucheza. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuja kusema Oktoba 2024 kwamba baadhi ya kanuni zile zilikiuka sheria ya Umoja wa Ulaya. Miaka kumi! Bosman, yule Mbelgiji aliyekwenda mahakamani kwa sababu klabu yake ilimzuia kuhama mkataba ulipoisha, naye alikuwa kiungo. Mkataba wake na Liège uliisha 1990, hukumu ikatoka Desemba 1995, na wakati huo miaka yake mizuri ya mpira ilikuwa imeshapita. Watatu wote viungo, na wote kilichowasumbua ni namna ya kutoka klabuni. Na asitokee mtu kusema viungo tunalalamika sana. Mshambuliaji akilalamika mnasema ana njaa ya mabao.

Kwetu sisi muda wa kukaa nje unauma zaidi, na hili sijaona mtu akilisema. Mshambuliaji asiye na timu ana mabao yake, anayataja kwa namba. Kipa ana mechi alizomaliza bila kufungwa. Kiungo wa kuhamahama una nini? Una kocha anayekuamini, basi. Kazi yako ni kugeuza mwili kabla mpira haujafika, kuziba njia ya pasi ambayo kwa sababu umeiziba haikupigwa. Hakuna anayehesabu pasi ambayo haikupigwa. Ukikaa miezi kumi bila mechi, makocha waliokuona wamefukuzwa, waliokuja wanacheza mabeki watatu na viungo wawili badala ya watatu, na jina lako ni jina tu. Nilikimbia peke yangu kila asubuhi miezi ile. Mapafu yalibaki. Kilichoondoka ni lile jicho la begani, kujua nani yuko nyuma yangu bila kugeuka. Mechi yangu ya kwanza niliporudi, Desemba, nilipokea pasi nikiwa nimeupa uwanja mgongo, nikanyang'anywa na kijana wa miaka 19, tukafungwa. Hilo kabla ya ile saini lilikuwa halijanipata tangu nikiwa timu ya vijana.

Hiyo namba sita nenda kacheze, usibishane na kocha sasa hivi. Mimi nilipelekwa huko nikiwa na miaka 29 na ndiko nilikopata misimu minne ya mwisho.

Kingine cha kuhesabu usiku huu: tangu msimu uanze umecheza mechi rasmi kwa klabu ngapi? Umeandika mahali kwamba ulianza msimu kwa mkopo kabla ya kurudishwa. Kama ulicheza huko hata dakika moja, na umecheza hapo ulipo, basi hiyo timu mpya ni ya tatu na haiwezi kukupanga kwenye mechi rasmi msimu huu, isipokuwa kama iko kwenye ligi ya nchi ambayo kalenda ya msimu wake inapishana na ya kwenu. Wakala wako alikwambia? Waulize wao wenyewe moja kwa moja, waangalie kwenye mfumo leo, na wakupe mkataba wenyewe, siyo barua ya nia.

Nenda kwa chama cha wachezaji cha nchi uliyopo, na kama hukijui waandikie FIFPRO, shirikisho la dunia la vyama vya wachezaji, wakuelekeze. Piga picha kila ukurasa wa hiyo karatasi, hasa ule wa pili, umpelekee mwanasheria wao kabla ya mazoezi ya kesho. Ukipenda nitumie kwa ujumbe wa faragha, nina nakala ya ile barua ya madai ambayo yule mama alinionyesha nilichopaswa kuandika. Badilisha majina na miezi tu, uitume leo. Na wakala akikupigia simu usiku, mwambie unasubiri hela iingie.