Mtoa mada, usiwaahidi wafadhili watu 50

Usiitume hiyo barua mkuu. Unakwenda Likoni, Mombasa, kuhubiri Injili, na umeuliza mambo manne: chumba Likoni ni shilingi ngapi, uanze na Kidigo, lugha ya wenyeji wa huko, au uzoee kwanza Kiswahili cha Mombasa, mkeo aje nawe au afuate baadaye, na kama barua yako ya malengo imekaa sawa. Nimeisoma. "Watu 50 kumpokea Kristo ndani ya mwaka wa kwanza, kila ushuhuda na picha yake." Jana sikulala vizuri kwa sababu ya sentensi hiyo. Niliwahi kuiandika mimi, tofauti ni kwamba niliahidi 40.

Nilitokea Mbeya, nikakaa Likoni miaka minne kwa kazi hiyohiyo. Mratibu aliyetuandaa kabla ya safari sijamsahau. Semina ya siku tatu, na hakutenga hata saa moja kutuambia jirani wa Pwani anasalimiwaje au msiba wake unahudhuriwaje. Alitufundisha kuandika ripoti! "Mfadhili anataka kuona sura, mpeni sura," alisema, kwa utulivu kabisa, na mpaka leo nikiukumbuka utulivu ule damu inanichemka. Unawaingizaje vijana kwenye maisha ya watu na kamera mkononi, adabu hujawapa?

Miezi mitano ya kwanza sikupata mtu. Nilipata kigoda tu, kwa mzee mmoja fundi viatu karibu na njia ya kwenda kwenye feri. Mwislamu wa swala tano. Alikuwa akishona makubadhi na kubadilisha soli, na akipenda kunisikia nikiongea Kiswahili changu cha bara, anacheka mpaka miwani inamteremkia puani. Goti lilikuwa likimsumbua. Siku moja nikamuuliza kama naweza kumwombea. Akaweka sindano chini, akasema, "Omba mwanangu, dua haikataliwi." Nikaomba, akaitikia amina. Kijana aliyekuwa anasubiri viatu vyake akatupiga picha kwa simu yangu: mzee amefumba macho, mkono wangu begani mwake.

Usiku nikaandika: "Mzee huyu, baada ya maisha yote gizani, leo amempokea Yesu." Hakumpokea. Alikubali kuombewa goti. Nilikuwa naijua tofauti wakati vidole vinaandika, na bado nikatuma, kwa sababu ripoti ya miezi mitano ilikuwa tupu na malengo yalikuwa yananitazama.

Nyumbani wakashangilia. Ikasomwa Jumapili, ikawekwa Facebook, na Facebook haisimami mpakani Lunga Lunga kugongewa muhuri. Wiki tatu baadaye nilimkuta binti wa yule mzee amesimama pale kwa baba yake, simu mkononi. Hakupaza sauti. Alinisomea ripoti yangu yote, taratibu, mbele ya baba yake na wateja wawili. Alipofika kwenye neno "gizani" alisimama, akalirudia mara ya pili. Mzee alikuwa ameshika kiatu cha mtoto, anakigeuza tu, hakishoni. Ndipo akaniambia, "Nilikuruhusu uniombee. Sikukuruhusu uniuze."

Wiki mbili hakufungua kazi. Msikitini alikuwa anaulizwa maswali ambayo hakustahili kuulizwa hata moja, mtu wa umri ule, kwa sababu ya sentensi yangu. Hiyo ndiyo gharama ninayoizungumzia. Sizungumzii pesa, ingawa pesa nazo zilikwenda: niliwaandikia nyumbani kwamba si kweli, picha iondolewe, na baada ya miezi miwili msaada ukakatwa. Yule mratibu akanipigia kunieleza kwamba shetani ameniweza. Nikabaki na kazi ya kufundisha watoto masomo ya jioni ili nipate kodi, na Biblia nikiifungua naona herufi tu. Miezi saba sikuomba.

Katika kipindi hicho mwinjilisti mmoja mzee alinipeleka Nyali, kwenye kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Krapf tunamsifu kwa kamusi na kwa kuanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, lakini angalia alivyoanza. Alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huohuo mkewe Rosine akafariki, siku chache baadaye mtoto wao mchanga naye akafuata. Na alichowaandikia waliomtuma ni hicho: kwamba kwenye pwani hii sasa kuna kaburi. Mmisionari mwenzake, Rebmann, akamfuata 1846, wakafungua kituo Rabai, karibu na Mombasa, na mtu wao wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mgonjwa anayekaribia kufa. Rebmann hakuondoka mpaka 1875, macho yameshamwishia. Nilisimama pale Nyali nikafikiria yule mratibu angeipokeaje barua ya kaburi.

Kwa mzee niliendelea kupita kila siku, namsalimu, ananijibu salamu na si zaidi. Kigoda hakikutolewa tena. Mpaka asubuhi moja, bila kuniangalia, akatoa noti mbili za mia akasema uzi wa nailoni umemwishia, nivuke ng'ambo nikamletee mweusi, na chenji nirudishe. Basi. Nimehubiri habari za neema tangu nina miaka 19, na siku hiyo niliishika mkononi, imekunjwa, inanuka gundi. Nililia juu ya feri katikati ya watu na mikokoteni yao, na pale ndipo nilipoomba tena. Sikuomba mtu wa kuandika. Niliomba niufikishe ule uzi.

Nilikaa miaka mitatu mingine baada ya hapo. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: habari ya mtu haitoki mkononi mwangu kabla sijamsomea mwenyewe, uso kwa uso, neno kwa neno. Akisema neno hili litoe, natoa. Akisema usitume, situmi, hata kama ripoti itabaki na salamu tu. Kuna miezi ilibaki na salamu tu.

Na yale mengine uliyouliza: mke njooni wote. Lugha jifunze zote mbili, na kwenye Kiswahili kaa kimya usikilize kwanza, maana wao ndio wenyewe.

Sasa ifungue ile barua. Futa hiyo 50, futa na "kila ushuhuda na picha yake". Andika kwamba unakwenda kuishi Likoni, na kwamba kila habari ya mtu watakayoipata, mwenyewe atakuwa ameshaisikia. Wakikataa kukutuma kwa barua ya namna hiyo, heri wakukatalie ukiwa bado nyumbani kwako, kabla hujapewa kigoda na mzee wa watu.