Kabla hujapanda pikapu kwenda kusaidia timu ya mbio za magari

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kazi yangu iko ufuoni hapa Malindi, na mengi ninayoyajua kuhusu chuma nimefunzwa na chumvi. Gari la mashindano sikuwahi kuligusa mpaka siku mpwa wangu aliponipigia simu: “Mjomba, fundi wetu mmoja anaumwa na Ijumaa twaenda Voi. Njoo tu utushikie spana.” Timu yao ni vijana watano wenye ajira zao, wanaochanga kila mwisho wa mwezi kuilisha Subaru moja kuukuu ambayo mke wa mpwa wangu huiita mke mwenza.

Nimeshakwenda nao mara nne sasa, na kila safari hujitokeza mgeni mmoja mwenye ujasiri uleule niliokuwa nao mimi siku ya kwanza. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nilidhani ninakwenda kutengeneza gari. Sisi tulilelewa na Safari Rally ya Pasaka, redio ikilia barazani na jina la Joginder Singh likitajwa kama la jamaa wa mtaani. Alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na mikono yake ilikuwa imeshaota sugu za gereji kabla hajajulikana kwa udereva. Kwa hiyo kichwani mwangu fundi wa rali alikuwa mtu wa kuchimbua injini porini usiku kucha. Kumbe siku hizi gari hurudi kwenye uwanja mmoja wa huduma, linapewa dakika zake, zikiisha linatoka. Kule Voi mchana tulipewa 30. Dereva akifika kituo cha saa, pale muda wa kila gari unapoandikwa, amechelewa, anaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Akiwahi, anaongezewa dakika nzima kwa kila dakika. Naam, kuwahi kunaadhibiwa kuliko kuchelewa, ndiyo maana utamwona navigeta, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, amesimama pembeni akitazama saa kama mtu anayengoja adhana ya Magharibi siku ya mfungo.

Katika dakika hizo 30 hakuna nafasi ya mtu kuuliza “nami nifanye nini?” Hilo uliulize ukiwa bado Malindi. Uliza gurudumu lako ni lipi, nani anashika jeki, nani anaweka stendi, nani anajaza maji. Ukiambiwa “tutaona hukohuko”, kataa kwa upole mpaka upewe pembe yako.

Mimi nilipewa nyuma kushoto. Nati tano. Huduma ya kwanza nilizikaza gari likiwa juu ya stendi, nikajiona bingwa. Gari likashushwa, dereva akaniangalia, nikamwinulia dole gumba. Hazikupita kilomita nane, wakahisi mtikisiko nyuma. Wakasimama pembeni, dereva akashuka na spana ya msalaba, akakuta nati mbili zinazunguka kwa vidole. Nilikuwa nimesahau kukaza mara ya pili baada ya gari kugusa chini. Walipoteza karibu dakika mbili. Jioni hakuna aliyenisema. Mpwa wangu alikuja na kikombe cha chai, akanipa, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Siku hizi ninakaza kwa mkono gari likiwa hewani, nikiruka nati moja hadi nyingine kwa umbo la nyota, kisha likishuka ninamalizia na ile spana inayolia “tik” nguvu ikitosha. Halafu ninasema kwa sauti: “Nyuma kushoto, tano!” Mwenzangu anashika nati moja moja, naye anajibu: “Tano!” Dole gumba tumelipiga marufuku.

Na haya yafanyieni mazoezi nyumbani. Sisi tulifanya uani kwa mpwa wangu, Jumamosi mbili mfululizo, watoto wa mtaa wakitupimia muda kwa simu na kutucheka bila huruma. Kubadilisha magurudumu manne kulituchukua dakika 11 siku ya kwanza. Ya pili tulifika tano na nusu. Rudieni usiku pia, kila mtu na tochi yake kichwani, kwani giza likiingia hata spana unayoijua hubadilika umbo. Jambo moja msilifanyie haraka hata mkiwa mazoezini: hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi kwanza.

Vifaa vyako usivibebe vyote. Sisi wa boti tuna tabia ya kutupa kila kitu kwenye ndoo moja na kupapasa. Ule udongo mwekundu wa Voi hauna mchezo: soketi ya 14 ukiiweka chini, ihesabu kuwa sadaka. Chukua shuka jeupe la zamani, ulitandaze kando ya turubai, na kila ulichotumia kirudi juu yake. Turubai lenyewe ni la kuwekwa chini ya gari ili oili isimwagike ardhini. Litandikwe na kubanwa kwa mawe mapema, maana upepo hulipeperusha kama tanga. Vyangu nimevipaka rangi ya kucha ya binti yangu, ya waridi inayong'aa. Vijana walinicheka siku nzima, lakini hakuna spana yangu iliyowahi kuishia kwenye sanduku la mtu mwingine. Kabla gari halijatoka, hesabu. Soketi moja ikikosekana, mwambie fundi mkuu papo hapo, kwani huenda imelala juu ya injini ikingoja kushuka kwenye mkanda.

Vitu vidogo ndivyo vilivyonipa heshima yangu. Waya wa kufungia, tepu nene, glavu za ngozi (gari linarudi na breki zinazochoma kama chuma cha mhunzi), na vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa mikanda. Siku moja mpira wa rejeta ulianza kuvuja na waliobeba wa akiba walikuwa wamebeba wa modeli nyingine. Nikaukausha, nikauzungushia mkanda wa tyubu nikiuvuta kwa nguvu zote, nikafunga waya juu, kama tunavyofunga bomba la boti likituharibikia nje ya mwamba. Ulifikisha gari jioni. Tangu hapo ninaitwa mjomba na timu nzima.

Sasa tuje kwenye jua. Mtu wa Malindi hudhani analijua. Joto letu ni la maji, unalowa, na upepo wa bahari unakukumbusha kwamba unatoka jasho. Joto la Voi ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, kisha saa nane mchana kichwa kinaanza kupiga ngoma. Mimi ninabeba lita tano za maji kwa siku, zangu peke yangu, na pakiti za chumvichumvi za dukani za kuchanganya na maji. Kofia yenye ukingo mpana. Viatu vya kufunika vidole, si ndara. Kikoi kibebe, kitakufaa kulalia, kujifunika vumbi, hata kutengeneza kivuli, ila usikivae karibu na gari.

Chakula msitegemee kununua uwanjani. Mahamri ya alfajiri yanafika jioni yakiwa salama, mayai ya kuchemsha na ndizi pia. Biriani ya mama yako iache nyumbani, na wali wa nazi usijaribu kabisa, tulijaribu. Sala mzipange kabla, mjue nani anatoka lini. Adhuhuri ilitukuta gari likiwa juu ya stendi, tukapishana wawili wawili baada ya kulitoa, na hapakuwa na ugomvi kwa sababu tulishaelewana garini.

Njiani, anayevuta trela ndiye mwenye safari. Sisi huondoka baada ya Alfajiri, tukifika Mavueni tunaingia kulia kupitia Kaloleni hadi Mazeras, tukiiepuka foleni ya Mombasa. Angalieni tairi la akiba la trela. La gari kila mtu hulikumbuka. Kila mkisimama, shika kitovu cha kila gurudumu la trela kwa kiganja. Kikikuchoma, beringi inalalamika.

Mafuta yana sehemu yake na watu wake. Injini inazimwa, mmoja anasimama na mtungi wa kuzimia moto mkononi, amekwisha kuutoa pini ya usalama kichwani mwake hata kama bado iko kwenye mtungi. Kama si kazi yako, kaa mbali na usiwe na simu sikioni.

Lakini kilichonishinda mimi si joto wala nati. Ni kungoja. Gari likitoka, unabaki na saa mbili za kutazama vumbi. Wengine hulala, wengine huanza kufungua vitu visivyohitaji kufunguliwa. Mara yangu ya tatu magari yakaanza kurudi moja moja, namba ya mbele yetu ikapita, ya nyuma yetu ikapita, ya kwetu haikuonekana. Simu hazishiki kule. Unaanza kuwaza mashamba ya mkonge, ndovu, miti ya miiba. Fundi mkuu, kijana mdogo kwangu kwa miaka ishirini, akatuambia tujaze maji na kupanga magurudumu kama kwamba gari linaingia baada ya dakika tano. Tukapanga. Dereva mmoja wa timu nyingine alipofika ndipo akatuletea habari: wamesimama, shafti imevunjika, na walikuwa wameinua ule ubao wenye maandishi OK kuonyesha kwamba wako wazima. Wangeinua wa SOS, kila anayepita angetakiwa kusimama. Ubao ule wa OK sikuuona mimi, niliusikia tu, na nilikaa chini juu ya tairi.

Tuliwavuta jioni. Walikuwa wamekaa chini ya mbuyu wakila mahamri yangu.

Jumapili usiku nilifika nyumbani, mke wangu akanizuia mlangoni nisiingie na nguo zile. Nilioga ndoo tatu, maji yakitoka mekundu. Jumatatu asubuhi nilikuwa kichwa chini ndani ya mashine ya boti ya mteja, simu ikalia. “Mjomba, shafti imepatikana. Ila soketi yako moja ya waridi tumeikuta ndani ya bampa.”