Jibu: Bakuli la mwembe, nichonge nakshi kwanza au nichome?

Ndugu yangu, chonga kwanza. Ukianza na kalamu ya moto, patasi itamega kingo za mistari uliyokwisha kuchoma.

Uliuliza pia kwa nini weusi wa mistari ya moto haulingani; tatizo si mkono wako. Bakuli lililokerezwa kwa ubao wa kulala, yaani nyuzi za mti zikipita mkingamo, lina pande mbili zinazotazamana ambapo nyuzi zimekatwa vichwa, na mbili ambapo zimelala. Moto haushiki sawa kote. Punguza joto, pitisha mara mbili taratibu, na jaribu kwanza kwenye kipande cha mti huohuo. Nyuzi hizohizo ndizo zinazosumbua patasi: robo ya mzunguko inateleza vizuri, ghafla inaanza kuchana. Hapo geuza bakuli, usilazimishe.

Piga msasa kabla ya kuchoma. Mafuta au vanishi vije mwisho kabisa, maana ukichoma juu ya vanishi moshi wake ni sumu.

Halafu, usijaze nakshi bakuli zima! Pita Mkomani, mtaa wa zamani wa Lamu, utazame milango: fundi ameweka kazi kwenye mfaa (mti wa katikati ya mlango) na kizingiti cha juu, mbao za mlango mara nyingi kaziacha tupu. Ukingo peke yake unatosha.