Aliens: Dark Descent: ondoka kabla hujafukuzwa

Wengi wanaoususa mchezo huu wa video wa kuongoza kikosi katikati wana lalamiko lilelile: askari wangu wanakufa ovyo. Ukiwatazama wakicheza, utaona wanaingia kila chumba na bunduki mbele, kana kwamba ushindi ni kuhesabu maiti. Aliens: Dark Descent, kazi ya Tindalos Interactive iliyotoka Juni 2023, haukutengenezwa hivyo. Meli yenu ya angani, USS Otago, imeanguka kwenye mwezi uitwao Lethe, askari ni wachache, na anayekufa harudi tena.

Jambo la kwanza kuelewa ni msako. Zenomofu (kiumbe hatari wa filamu za Alien) mmoja akikuona, wenzake wanaanza kukutafuta, na muda wote wanaokuandama ukali wao unazidi kupanda. Ukifika kiwango fulani, wanakuja kwa wimbi zito. Kwa hiyo hata ukiwaua wote bila askari kupata mkwaruzo, bado umepoteza, maana saa ijayo itakuwa ngumu kuliko hii. Ndiyo sababu mimi hutumia muda mwingi nikikitazama kitambua-mwendo, kifaa kinachoonyesha viumbe wanaosogea kama nukta, kuliko kuwatazama askari wenyewe. Nukta ikikaribia, narudi nyuma chumba kimoja na kusubiri ipite. Inachosha, sikatai. Lakini hapo ndipo utamu ulipo, na asiye na subira atafute mchezo mwingine.

Unaweza pia kukitega kitambua-mwendo kwenye kona ya mbali, kisha ukakiamsha ukiwa pembeni: viumbe wanakimbilia mlio, nawe unapita. Wanaoanza huusahau ujanja huu, kisha wanamaliza risasi kwenye korido waliyoweza kuivuka kimya.

Wimbi likishatangazwa, acha kukimbia. Tafuta mahali penye ukuta mgongoni na njia moja ya kuingilia, simika bunduki za lindo, zinazofyatua zenyewe, zikielekea njia hiyo, kisha elekeza palepale risasi za kuzuia, za kuwapunguza kasi wanaokuja. Vita vikiisha zing'oe uondoke nazo. Nimeshaona watu wakiziacha kama takataka.

Sasa msongo wa mawazo, ambao kwangu ndio adui mkubwa kuliko meno na mikia. Askari aliyeelemewa hupata kasoro zinazoharibu kazi ya kikosi kizima. Dawa yake ni kuchomelea milango yote ya chumba na kupumzika ndani, na hapo mchezo pia unajisevu. Kuchomelea kunakula zana, nazo hazitoshi kamwe. Kanuni yangu ni rahisi: zana zikibaki za kufunga chumba kimoja tu, safari imekwisha. Naita ARC, gari la kivita linalobeba kikosi, naondoka, hata kama lengo liko milango miwili mbele. Hasa likiwa milango miwili mbele, kwa sababu tamaa ya namna hiyo ndiyo inayozika vikosi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kuondoka hakukurudishi mwanzo. Ukirejea siku nyingine, ulichokwisha kukifanya kwenye ramani kinabaki kimefanyika, na njia unaijua. Gharama yake ni siku: kila moja inayopita, maambukizi kwenye Lethe yanaongezeka. Waliojeruhiwa nao huhitaji muda wa kupona, kwa hiyo usiwategemee mashujaa walewale kila misheni. Wapeleke askari wageni mapema, wakati misheni bado ni nyepesi, ili wafike levo ya 3 na kupewa taaluma. Ukiletewa nafasi ya taaluma ya mpelelezi, ichukue bila kujiuliza mara mbili. Bunduki yake ya masafa marefu yenye kizima sauti inamwondoa kiumbe aliye peke yake bila kuamsha wengine, na mpelelezi mmoja mzuri atakuokolea misako mingi kuliko mpiga bunduki nzito yeyote.

Mwisho, ingia kwenye mipangilio kabla ya misheni ya kwanza. Kwa kawaida, ukifungua menyu ya amri, muda hupungua kasi tu. Ipo njia ya kuusimamisha kabisa. Iwashe. Wapo watakaokuambia huko ni kudeka. Waache na makaburi yao.