Seli "zinajibu kwa ishara" au "zinaitikia ishara"?

Swali: Katika makala yangu ya sayansi niliandika, "Seli za ubongo zinajibu kwa ishara na kwa tuzo." Mhariri akabadilisha: "zinaitikia ishara na tuzo." Je, nilikosea? Na ningeweza kusema "zawadi"?

Jibu: Mhariri yuko sahihi, na tofauti si ndogo. "Kwa" hapo hutaja njia au chombo: anakata kwa kisu, anajibu kwa ishara, yaani anatikisa kichwa badala ya kusema. Sentensi yako basi inasema kwamba seli ndizo zinazotoa ishara, tena zinagawa tuzo! "Itikia" haihitaji "kwa", kwa sababu kiambishi -i- cha kutendea kimeshabeba uhusiano huo: tunaitikia wito, tunaitikia salamu.

Usahihi huu una uzito mkubwa katika somo lako. Chukua majaribio ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz kwa nyani, ambayo yeye, Peter Dayan na Read Montague waliyafafanua katika makala yao ya 1997. Mwanzoni, seli za dopamini (seli za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini) ziliitikia tone la maji ya matunda lililodondoshwa mdomoni mwa mnyama. Alipokwisha kujifunza kwamba tone hutanguliwa na ishara, kwa mfano taa, seli zilezile ziliitikia taa. Tone lilipofika, zikaendelea na mwendo wake wa kawaida wa kutoa mipigo ya umeme. Kitenzi ni kilekile, kilichohama ni yambwa, yaani kile kinachoitikiwa, na ugunduzi wenyewe umo katika kuhama huko. Ukiandika "zinaitikia ishara na tuzo" kwa mkupuo, hata hiyo sahihi kisarufi itamficha msomaji jambo zuri kuliko yote. Taja lini zinaitikia kipi.

Taa ikiwaka na tone lisije, seli hupunguza kasi ya mipigo hiyo wakati uleule tone lilipotarajiwa. Usiandike "hazikuitikia", maana kupungua huko ni mwitikio. Andika: "Ziliitikia kukosekana kwa tuzo kwa kupunguza kasi." Hiyo "kwa" ya pili ndiyo uliyokuwa ukiitafuta, na hapo iko mahali pake.

Kuhusu "zawadi", iache. Zawadi ni hisani, hutolewa hata kwa asiyefanya lolote. Mnyama anayebonyeza kitufe ili apate tone anapewa tuzo. "Thawabu" nayo ina harufu ya ibada, haifai maabara.