Kwa Wainjilisti Wapya: Acheni Kuwa Hanania

Kamwene, wadogo zangu. Mmepangiwa mitaa, mmekabidhiwa daftari la washarika na ufunguo wa kabati lisilofungika; karibuni kazini. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikistaafu sitamwandikia mtu waraka, maana nyaraka nilizoandikiwa mimi zilitosha. Lakini tangu mfike nimekuwa nikikaa nyuma kabisa, misibani na kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, benchi moja na wazee wanaosinzia, nikiwasikiliza. Mnahubiri vizuri kuliko sisi. Sauti mnazo, Biblia mmeisoma. Na makosa mnayofanya ni yale yale yetu, mengine neno kwa neno, hadi pale pa kutua kidogo ili watu waseme amina. Nimeshindwa kunyamaza.

1. Msibani, funga mdomo kwanza.

"Kazi ya Mungu haina makosa" akiisema mfiwa mwenyewe, hilo ni ungamo lake, liheshimu. Ukimwambia wewe mama aliyezika mtoto asubuhi ile, umempiga. Na hiyo "msilie, sisi tuna tumaini" mnaitoa wapi? Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwakataza kuhuzunika. Bwana alijua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia. Rafiki za Ayubu walifanya uchungaji mzuri kabisa kwa siku saba, wameketi naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua mdomo, na mnajua waliendelea kwa sura ngapi.

2. Kabla ya kuhubiri Yeremia 29:11, soma sura ya 28.

Mstari huo sasa uko kwenye fulana za vijana, kwenye kioo cha nyuma cha noah, kwenye stetasi za wasapu za nusu ya usharika. "Mawazo ya amani wala si ya mabaya." Sawa. Lakini ile ilikuwa barua kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli, na mstari unaoutangulia unasema miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Aliyewaahidi mambo ya upesi ni Hanania, nabii wa uongo wa sura ya 28: miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi, akaivunja na nira shingoni mwa Yeremia mbele ya umati. Nina hakika siku ile sadaka ingehesabiwa, ya Hanania ingekuwa kubwa. Mwaka haukuisha akawa amekufa.

Kila ninapomsikia mmoja wenu akimwambia mgonjwa au mfanyabiashara aliyefilisika kwamba "mwaka huu hauishi", namwona Hanania amevaa tai. Namjua vizuri. Nilikuwa yeye.

3. Mgonjwa akitaka kuongea habari za kufa, mwache aongee.

Hapa mnivumilie, ni parefu.

Nilipoanza kazi tulikuwa bado mkoa wa Iringa, na ARV za serikali hazijaanza. Zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Tulikuwa tunazika. Kwaya yetu ilikuwa inapungua sauti moja moja, na kila mtu alijua ni nini, na tangazo la ibadani lilisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Kati ya wagonjwa wangu alikuwepo fundi seremala, mwimba besi, mtu mpole. Alikuwa na mke, watoto wadogo, na shamba la miti alilopanda kwa mikono yake, kwenye ardhi ambayo kwa asili ilikuwa ya baba yao.

Siku moja nimeenda na wazee wa zamu kumfanyia maombi. Akanishika mkono, akasema, "Mwinjilisti, nataka umwite kaka yangu aje, kuna jambo la lile shamba niliseme mbele yenu." Sauti yake haikutetemeka. Mimi, nimetoka chuoni na cheti bado kina harufu ya wino, nikamkatiza. Nikamwambia, "Usikiri mauti, kaka. Kiri uzima." Nikafungua Zaburi 118, nikasoma kwa sauti ya mkutano wa injili: "Sitakufa bali nitaishi." Nikamtaka arudie. Nikamtaka na mkewe arudie. Wazee wakasema amina, na nikaondoka pale najisikia Eliya.

Baada ya siku kadhaa aliomba karatasi na kalamu. Mkewe akamtuma mtoto kuniuliza, kwa sababu mwinjilisti alishasema habari hizo zisitajwe. Nikajibu kwamba kuandika ni kufungua mlango kwa adui, kalamu iwekwe mbali. Hivyo ndivyo nilivyosema. Hakuna mwalimu aliyenifundisha sentensi ile. Niliiokota kwenye mkutano fulani wa uwanjani, nikaiona inafaa.

Akafa. Nilihubiri mazishi kwa Ufunuo 21, watu wakasema nimehubiri.

Arobaini haijafika, kaka mtu akaja kwa mjane na maneno ya shamba: ardhi ni ya ukoo, miti ya mdogo wangu nitaitazama mimi. Mjane hakuwa na karatasi wala shahidi. Shauri likaenda baraza la kata. Akaniomba nikamsemee, maana mimi nilikuwepo siku ile marehemu alipotaka kuongea. Nikaenda, nimevaa kola. Mwenyekiti wa baraza, mzee mstaarabu, akaniuliza swali moja: "Mwinjilisti, marehemu alisema nini kuhusu shamba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba hasemi.

Miti ilikatwa, mbao zikapakiwa kwenye fuso kwenda mjini, na yule mama akarudi kwao na watoto. Nilikutana naye baada ya miaka, sokoni, akanisalimia kwa heshima zote, jambo lililoniuma zaidi. Nikajaribu kuomba radhi. Akaniambia, "Mume wangu hakuwa anaogopa kufa. Aliyekuwa anaogopa ni wewe." Kisha akaniuliza kama nitanunua viazi. Nikanunua debe zima. Sikuwa na mtu wa kuvila nyumbani, wala pesa ya kutosha, nikabaki nadaiwa.

Alikuwa sahihi. Niliogopa kifo, na niliogopa wazee wa zamu waone maombi yangu hayajibiwi. Hofu hiyo nikaiita imani. Na ningeisoma Biblia niliyokuwa nimeibeba, ningekuta kwamba Isaya alimwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa. Miaka 15 ya nyongeza ilikuja baadaye, baada ya ukweli kusemwa na mfalme kulia. Ningekuta Waebrania 11: katika maisha yote ya Yusufu, gerezani, Misri, njaa, kitu kinachotajwa pale kuwa imani yake ni kwamba alipokaribia kufa aliagiza habari za mifupa yake. Wosia! Fundi seremala yule alikuwa anafanya tendo la imani, na mwinjilisti akamnyang'anya kalamu.

Kwa hiyo: ombea uponyaji, paka mafuta, funga, kesha. Mtu akisema "nataka kuacha neno", keti, ita mashahidi, mwambie mwenyekiti wa kitongoji aje, andikeni, watie sahihi.

4. Usimguse mtu dozi yake.

Ninyi wa juzi mnadhani tumeshavuka. Utafiti wa taifa wa 2022/2023 uliikuta Njombe yetu na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, ya kwanza nchini. Hesabu mabenchi yako Jumapili. Mwaka 2011, wengine wenu mkiwa shule ya msingi, nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu hili hili la Kilutheri, na wapo waliorudi wakaacha ARV wakiamini wamemaliza. Hawakuwa wajinga. Walitamani sana kuambiwa miaka miwili. Ukiona msharika ameacha kwenda CTC, kliniki ya wenye VVU, baada ya mkutano wako, hilo ni la kwako, mfuate nyumbani.

5. Utakatifu hauanzii kwenye sketi za wanakwaya.

Nimeona mmoja wenu anasimama mlangoni kukagua urefu wa nguo. Mwingine haingii nyumba yenye pombe ya ulanzi. Basi kwa mitaa yetu, baba, utabaki na nyumba ya mchungaji. Petro alipoandika "mtakuwa watakatifu" aliwaandikia watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, wanaoishi katikati ya majirani wanaowasengenya, na hakuwaambia wahame.

Wazee wa Uamsho, ule wa kiroho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka mipaka, walikuwa na neno lao, kutembea nuruni. Mtu akitubu, alirudisha alichoiba na kulipa alichodaiwa. Tulikuwa tukiwacheka wakizidisha toba za hadharani, na kweli wengine walizidisha, lakini mkoba wa sadaka ungeweza kulala kwao. Kwa hiyo usihesabu sadaka peke yako, hata siku mhasibu anaumwa. Jogoo wa mnada uliyemchukua kwa "nitalipa Jumapili", lipa Jumapili hiyo. Posho ya semina usisaini ya siku ambayo hukuhudhuria. Na usipokee simu ya mke wa mtu saa tano usiku kwa ajili ya ushauri. Ushauri una saa zake na una mzee wa pili chumbani.

6. Jumatatu lala.

7. Vita ikitokea, usichukue kalenda.

Ukraine, Gaza, Goma, kila habari ikitoka kuna mmoja wenu anahubiri kwamba hatufiki Pasaka. Mnaujua msitu wa Shakahola, Kilifi. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi wamwone Yesu. Mtasema yule alikuwa mwendawazimu, sisi Walutheri tuna liturujia. Lakini hatua za mwanzo ni fupi: shule haina maana, hospitali ni ya wasioamini, dunia ni ya kuondoka. Hizo mbili za mwisho nimezisikia kwenye mtaa wetu, zikisemwa kwa tabasamu.

Petro naye alisema mwisho wa mambo yote umekaribia. Angalieni alichoagiza baada ya hapo: muwe na akili, mwombe, mpendane, mkaribishane bila kunung'unika. Karibu wageni! Mwisho wa dunia, na mtume anawaza nani atalala wapi. Na Yeremia yule yule, Babeli imeuzingira mji na yeye mwenyewe kafungiwa katika uwanda wa walinzi, alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akapima fedha mbele ya mashahidi, hati akampa Baruku aitie katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Nabii aliyetabiri maangamizi miaka yote ndiye aliyelipa. Hanania hatusomi kwamba alinunua hata tuta la bustani.

Kwa hiyo kiwanja cha mtaa kilichokaa bure pandeni parachichi na watoto wa kipaimara, hata kama matunda yataliwa na mwinjilisti atakayewafuata. Hati ya kiwanja ifuatilieni halmashauri mkiwa bado na nguvu za kupanda ngazi. Na mkiombwa kuingia kamati ya maji ya kijiji, msiseme mna ibada. Wekeni ibada siku nyingine. Kikao kinatangazwa saa tisa, akidi inatimia saa kumi na moja, na mwezi wa saba ofisi ile haina kioo upande wa mashariki, kwa hiyo mbebe koti.