Muulize Fundi: Mkwe kaleta Blu-ray, je, DVD zangu nitupe?

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Makorora hapahapa Tanga. Sebuleni nina TV ya inchi 32 na deki ya DVD niliyoinunua kabla sijastaafu. Kochi liko kama hatua tano kutoka kwenye TV. Mwezi uliopita mkwe wangu alikuja kutoka Marekani, akaniletea deki ya Blu-ray na diski mbili za wanyama. Alipoona kabati langu la DVD, zimezidi mia mbili, akasema kwa adabu tu: "Mama, hizi zimeshapitwa." Nikaenda mjini kuuliza. Kijana wa dukani akaniambia Blu-ray haina maana bila TV ya 4K ya inchi 55. Kiinua mgongo kilichobaki ni cha dawa na ada ya mjukuu. Je, ni lazima nihamie Blu-ray? DVD nitupe? Deki yenyewe bado iko kwenye boksi, naogopa kuichomeka. Halafu samahani, nina mkanda wa harusi yangu wa mwaka 1991, ule mkubwa mweusi, uko sandukuni. Sijui kama nao una dawa.
Mwalimu mstaafu, Makorora

Shikamoo Mwalimu. Usitupe hata moja. Na hapo kwenye kuogopa kuichomeka umefanya la maana kuliko yote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Ipindue hiyo deki, utaona kibandiko nyuma au chini yake. Kikisema 100–240V haina neno, tafuta tu adapta ya pini, maana za kwao ni bapa mbili. Kikisema 120V peke yake, usithubutu bila transfoma ya kushusha umeme. Hapa mezani kwangu Ngamiani nina mzoga wa redio iliyotoka ng'ambo. Mwenyewe aliichomeka, ikalia pah, nyumba nzima ikanuka plastiki. Nimeiweka niwaonyeshe watu.

Tuseme imewaka. Deki nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazikubali DVD za mfumo wa picha uitwao PAL, na PAL ndio mfumo wetu huku. Tena wenye filamu waliigawa dunia mafungu: kwa DVD Marekani ni namba 1 na sisi ni 5, kwa Blu-ray wao ni A, sisi tumewekwa B pamoja na Ulaya. Si kila diski imefungwa hivyo, lakini usishangae siku ukiletewa zawadi kutoka Uingereza na deki ya mkwe ikaitema. Kwa hiyo deki yako ya zamani ibaki palepale ilipo. Ya mkwe iweke pembeni yake, mkwe haambiwi hapana, akija akute inawaka na wanyama wake wanakimbia.

Sasa picha yenyewe, maana ndiyo hasa uliyouliza.

DVD ya PAL ina mistari 576, kila mstari nukta 720. Blu-ray ina mistari 1080 ya nukta 1920. Ukizidisha, wewe ni mwalimu, DVD inapata nukta laki nne na kitu, Blu-ray milioni mbili, 4K milioni nane. Kijana wa dukani alitia chumvi, maana Blu-ray ya kawaida yenyewe haifiki 4K. Tena hakukuuliza kochi liko wapi.

Fanya hivi jioni ya leo. Chukua gazeti, liegemeze kwenye kioo cha TV, rudi ukae mahali pako pa siku zote, na miwani yako usoni. Kichwa cha habari utakisoma. Je, yale maandishi madogo ya habari yenyewe? Kama huyasomi, umeshajijibu. Mistari ya herufi zile ina unene wa kama theluthi moja ya milimita, na nukta za TV ya 4K ya inchi 55 ni kiasi hichohicho. Anayekuuzia anakuuzia gazeti la kusoma kutoka hatua tano.

Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana milimita moja ukiwa umbali wa mita tatu na nusu hivi. Hatua zako tano ndiyo mita tatu na nusu hizo. Na DVD ikijaza kioo cha inchi 32, nukta yake moja ina upana wa milimita moja. Yaani sebule yako na DVD zako zimepatana kama pweza wa nazi na wali. Tena TV nyingi za inchi 32 zilizoandikwa HD kwenye fremu, kioo chake kina nukta 1366 kwa 768 tu. Ukiipa Blu-ray, inaipunguza kwanza ndipo ikuonyeshe.

Najua utauliza: mbona basi baadhi ya DVD zangu zina ukungu na watu wakikimbia picha inavunjika vigae? Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na mara nyingi kosa si la DVD. Toa hizo diski zenye ukungu usome ganda. Nina hakika kuna zilizoandikwa muvi 10, muvi 12 ndani ya moja. Diski ya kawaida ya DVD inabeba gigabaiti 4.7. Filamu moja halali hujaza hiyo nzima, au ile ya tabaka mbili ya gigabaiti 8.5. Ukigawa 4.7 kwa filamu 12, kila moja imeachiwa chini ya megabaiti 400. Wamezikamua kama nazi ya tui la tatu. Hata ukizichezesha kwenye deki ya mfalme zitabaki tui la tatu.

Kosa la pili ni waya. Angalia nyuma ya TV: kama deki imeunganishwa kwa ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, picha yote inapita kwenye ule wa njano peke yake, imebanana, rangi zinavujiana. Kama deki yako ina tundu la HDMI, lile bapa la waya mmoja unaopitisha picha na sauti pamoja, waya wake haufiki bei ya kilo moja ya nyama. Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Msambweni alikuja na TV na deki yake kwa bajaji, anasema kioo kimezeeka, nimtafutie mteja wa TV. Nikamwambia akanywe kahawa pale barazani. Nikatoa waya wa rangi tatu, nikaweka HDMI, nikaingia kwenye menyu ya deki, nikaiambia kioo ni kipana, maana ilikuwa bado inadhani imeunganishwa na TV ya chogo na watu wote walikuwa wanene. Aliporudi na kashata mdomoni akasimama mlangoni: "Hii TV ya nani?" Hakuuza. Nilimtoza hela ya waya na ya usumbufu, basi.

Ukitaka kujua kwa nini mimi si mwepesi wa kumwambia mtu ahame, kuna mambo mawili. Marehemu mjomba wangu alirudi kutoka Muscat na deki ya mikanda ya Betamax. Mashine nzuri, nzito, wenyeji walikuja kuishangaa. Lakini mji mzima ulikuwa unaazimana mikanda ya VHS, ile mikubwa myeusi kama wako, na mkanda wa VHS hauingii kwenye Betamax hata uukate. Ile mashine ikaja kuwa ya kuwekea jagi la maji. Ilipofika zama za hizi diski za picha safi, mambo yakawa yaleyale: kulikuwa na Blu-ray na kulikuwa na HD DVD, zote zilianza kuuzwa mwaka 2006, na Februari 2008 Toshiba wakatangaza kuiacha HD DVD. Aliyenunua Januari alikuwa na jagi lake tayari.

Jambo la pili ni la hapahapa. Mwaka 2013, analojia ilipozimwa Tanga, niliona kwa macho yangu TV nzima zikitupwa na kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, watu wakiamini zimekufa. King'amuzi kimoja na ule waya wa njano vingetosha. Mimi niliokota tisa.

Na diski zenyewe za Blu-ray? Miaka yote niliyokaa kwenye banda hili, zilizofika mezani kwangu nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na zote zilikuja kwenye mabegi ya watu wa safari. Vijana wanakwenda na flashi na bando. Bando nalo si la bure: picha ya HD ikija kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde inakula gigabaiti mbili na robo kwa saa. DVD yako haikuombi vocha.

Nisiwe mkaidi, lakini. Blu-ray iliyotengenezwa vizuri, kwenye kioo cha inchi 55, ukikaa mita mbili, ni kitu kingine. Utaona manyoya ya simba moja moja. Siku TV yako ikifa yenyewe, na ukahamia sebule ndogo, utanunua kubwa kidogo na mkwe atakuwa ameona mbali. Na kama miwani yako ina miaka mingi, hela ya kwanza nenda nayo kwa daktari wa macho kabla ya dukani.

Sasa nije kwenye mkanda, maana uliutaja mwisho kama mtu anayeomba radhi, na mimi nilipousoma niliacha kula.

Mwalimu, DVD zako zitakungoja. Mkanda haungoji. Una miaka zaidi ya thelathini, na hewa yetu ya bahari hii ina chumvi na unyevu. Usiutie kwenye deki yoyote, hata jirani akikuazima kwa moyo safi. Utoe sandukuni, uupeleke dirishani, utazame kupitia kile kioo kidogo cha juu. Ukiona kingo za mkanda uliojiviringa zina weupe kama unga wa muhogo, hiyo ni fangasi. Ukiuchezesha hivyo, fangasi inakwenda kwenye hedi za deki, yaani vile vichwa vinavyosoma mkanda, hedi inakwaruza mkanda, na bwana harusi anaondoka na mistari. Unasafishwa kwanza, taratibu, kwa mkono.

Usipouona weupe, bado usiuchezeshe kwa hamu. Uchezeshwe mara moja tu, ukiwa umeunganishwa na kompyuta inayonakili. VHS yenyewe ubora wake ni kama mistari 240, kwa hiyo DVD inaubeba na nafasi inabaki. Mtu akikwambia atakutengenezea harusi yako iwe 4K, shika mkoba wako. Nakala ziwe mbili: moja kwako, kwenye flashi au "hard disk" ya kompyuta, nyingine kwa mwanao aliye mbali. Ukibakisha kwenye DVD ya kuchoma peke yake, ile ambayo chini yake ina rangi ya zambarau, ujue picha zimeandikwa kwenye rangi, na rangi hupauka kwa mwanga na joto. Hata zile za mahafali na arusi za watoto ulizonazo kabatini, zigeuze uziangalie; za zambarau zinakiliwe mwaka huu, za fedha tupu ziache.

Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Mimi ninazo mbili zinazofanya kazi na tatu za kuchinja vipuri. Belti zikiisha, zimeisha. Njoo nao mkanda, umefungwa kwenye kanga kavu, si kwenye mfuko wa plastiki.

*

Fundi, nina kibanda cha mpira Mabawa, natumia projekta ukutani. Wateja wanalalamika kwamba mpira wanausikia tu kwa mtangazaji, hawauoni. Rafiki yangu anasema HD ni ulaji wa hela. Kweli?
Mwenye kibanda, Mabawa

Kwa Mwalimu ni ulaji, kwako si ulaji. Ukuta wako una upana gani, mita tatu? Projekta nyingi za vibandani zina nukta 800 kwa mstari, kwa hiyo kila nukta inakaribia milimita nne, na mtu wa benchi la mbele yuko mita tatu. Mpira ukipigwa kutoka upande mmoja hadi mwingine ni nukta mbili tatu zinazokimbia, hata mimi ningelalamika.

Kwanza hakikisha king'amuzi ni cha HD, chaneli yenyewe ni ya HD, na umeunganisha kwa HDMI, si wa njano. Kisha projekta. Boksi likiandikwa "inapokea 1080" usitoe hela. Hata mimi naweza kupokea wageni mia, swali ni wangapi watalala. Uliza kioo chake cha ndani kina nukta ngapi, na jibu liwe 1920 kwa 1080. Akibabaika, ondoka. Na ule mlango wako unaotazama magharibi utie pazia zito jeusi, maana jua la saa kumi linaifuta projekta yoyote.